Fensi yangu ilivyonila milioni 10, na jirani aliyeniambia mapema nikajifanya sisikii

Mtungi wa gesi ndio ulionimaliza. Nilihamia kwangu Desemba 2021, huku Kibamba, Dar es Salaam, ndani ndani, unashuka kituoni unapanda bodaboda mpaka lami inaisha halafu bado safari inaendelea, nyumba haina rangi, dirisha la chumba kimoja limezibwa na bati, lakini ni kwangu, hakuna wa kunigongea mlango tarehe 1. Fensi nikasema itakuja yenyewe. Mwaka na nusu hivi uwanja wangu ulikuwa njia ya kila mtu, wanafunzi wanakatiza asubuhi, mbuzi wa mtu hata simjui wanakula mchicha wangu, mama muuza samaki anapita mlangoni kabisa "hodi humu" wakati mi natoka bafu la nje na khanga moja. Yote nilivumilia. Ila Juni 2023 nimeamka saa 12 asubuhi nikawashe jiko la chai, hamna kitu, nikatoka nje nyuma ya dirisha la jiko nilipokuwa naweka mtungi, nakuta mpira unaning'inia, umekatwa na kisu safi kabisa, mtungi haupo.

Nikasema basi, nazungusha ukuta mwaka huu hata kwa mkopo. Na kweli ikawa kwa mkopo.

Kabla sijaendelea niseme kwamba za bei rahisi nilishajaribu. Nilipanda michongoma mwaka wa kwanza, mbuzi walewale wakaila ikiwa bado vijiti. Jirani yangu wa upande wa juu (nitamuita mama wa juu) akanishauri nipande minyaa, inakua haraka na mbuzi hawaigusi, lakini mimi nina watoto wadogo na ule utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, nikaogopa. Kuna mtu aliniambia nizungushe wavu na nguzo za zege, nikaona aibu, nikajiambia wavu ni wa shamba. Hiyo aibu imenigharimu, nitafika.

Bajeti yangu ilikuwa milioni 5. Milioni 2 akiba, milioni 3 nimekopa kikoba. Milioni 5 niliitoa wapi? Nilimuuliza bodaboda wangu, akasema kaka yake kazungusha kwa milioni 5. Sikuuliza kiwanja cha kaka yake kina ukubwa gani, sikuuliza alijenga lini, nikaikamata hiyo namba nikalala nayo. Mume wangu kikazi yuko Mtwara, anakuja mara moja kwa mwezi, kwenye simu akaniambia "sawa, simamia". Nikasimamia.

Fundi niliyeletewa ni mtu wa shemeji yangu, si unajua zile "huyu ni mtu wangu kabisa". Alikuja Jumamosi, akazunguka kiwanja mikono nyuma, hana tepu, hana kamba, akarudi akaniambia "mama hapa tofali 2,000 zinatosha na zinabaki za banda la kuku". Mimi nikaandika 2,000 kwenye simu kama nimeambiwa na daktari.

Sasa hesabu yenyewe ni ya darasa la nne na ningeifanya mwenyewe siku hiyo ningejiokoa. Kiwanja changu ni mita 25 kwa 30. Kuzunguka ni mita 110, toa geti mita 4, toa na nafasi za nguzo. Tofali la bloku lina urefu wa inchi 18, ukijumlisha na udongo wa katikati chukulia sentimita 47. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, kuzunguka kiwanja chote inakula kama tofali 210. Kozi 9 ndio unapata ukuta wa mita 2 na kidogo, hata mtu mrefu hachungulii. 210 mara 9 ni 1,890. Kwa hiyo fundi hakunidanganya jamani, 2,000 zinatosha kabisa, ukuta ukiwa unaelea hewani. Msingi alisahau! Kozi 3 za msingi, tofali za kulaza, ni karibu 675 nyingine, weka na za kuvunjika, mwisho wa siku nilinunua 2,750. Na hizo 750 za nyongeza nilinunua kwa presha, kazi imesimama, vibarua wamekaa wanakula miwa, kila siku inayopita wananidai.

Halafu tofali zenyewe. Zile 2,000 za kwanza nilichukua sehemu wanauza 1,000 wakati wenzao wote njiani wanauza 1,300, nikajiona mjanja nimeokoa laki 6. Zinashushwa tu kwenye gari zaidi ya mia zikavunjika. Siku moja nimetoka kazini nakuta mwanangu wa miaka 6 amekaa kwenye rundo anachora nyumba kwenye tofali na msumari, mistari inaingia ndani kama anachora kwenye sabuni. Nilisimama nikamuangalia muda mrefu, sikumkataza. Ukienda kununua tofali usianze na bei, uliza kwanza mfuko mmoja wa saruji wanatoa tofali ngapi. Akikwambia 30 mpaka 35 kaa chini muongee. Akianza kucheka cheka "inategemea mama" aga uondoke. Na uliza zimemwagiliwa siku ngapi, kwa sababu tofali likikaa juani bila maji wiki ya kwanza hata kama mchanganyiko ulikuwa mzuri linakuwa biskuti.

Sasa mpaka. Hapa naomba usome taratibu.

Kiwanja nilinunua 2016, kimepimwa, kina bikoni nne (alama za mpaka anazoweka mpima), nilioneshwa zote nne na nikapiga picha nimekanyaga moja kama nimeua simba. 2023 tunazitafuta tunaziona mbili, zote za upande wa juu. Za upande wa chini, upande wa mzee jirani yangu, hazionekani. Fundi akasema hamna shida, mpaka si uko usawa wa mwembe? Na mimi kweli dalali aliniambia wakati ule "mpaka ni usawa wa mwembe". Akafunga kamba kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye jiwe moja la barabarani, vibarua wakaanza kuchimba.

Siku ya pili asubuhi mzee akaja. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, yuko hapo tangu eneo lote ni mashamba ya mihogo. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, za kuamka, watoto, baba yao huko Mtwara, kazi, tukazimaliza zote, ndipo akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Mwanangu, hii kamba imekosea. Halafu hapa chini maji yanapita."

Mimi nimechelewa kazini, vibarua wanatuangalia, fundi kasimama na sururu. Nikamjibu, "Mzee, kiwanja changu kimepimwa."

Akasema "haya". Ile haya ya wazee mnaijua. Akarudi kwake.

Siku tatu baadaye msingi upande ule umeshajengwa kozi mbili naletewa wito ofisi ya serikali ya mtaa. Nikaenda nimevimba, nimebeba faili langu lote, risiti na picha ya bikoni. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kofia yake magotini. Mwenyekiti alitusikiliza wote wawili vizuri tu, akasema yeye hana macho ya kuona chini ya ardhi, leteni mpima. Nani analipa? Anayejenga. Laki 3.

Mpima alikuja na kifaa chake kwenye fimbo, hata masaa mawili hakumaliza. Bikoni zote mbili zilikuwepo, moja imefukiwa na takataka za miaka, nyingine mizizi imeikumbatia, akasema chimba hapa, wakachimba kama futi moja na nusu, hiyo hapo. Kumbe mstari wa mwembe ulikuwa umekaa upogo. Kule mbele barabarani nimeingia kwa mzee sentimita 80. Kule nyuma nimeacha ardhi yangu mwenyewe karibu mita nzima, ningemzawadia bure na ukuta juu. Yaani nilikuwa nagombana na mtu huku namwibia mkono wa kulia na kumpa mkono wa kushoto. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tofali, halafu nikaenda chumbani nikalia kidogo kwa sababu mita 30 za msingi zinabomolewa na saruji haibomoki ikarudi kwenye mfuko.

Kwa hiyo kabla ya fundi mwite mpima. Kama bikoni zote unaziona vizuri, waite majirani wote wa pembeni mzisimamie pamoja, na mjumbe awepo, mpige picha, kila mtu aseme hapa ndio hapa kabla koleo halijagusa udongo. Mimi na mzee tungekaziana tungeenda Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ibadilishwe 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu, mkishindwana hapo mnapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko na kesi ya sentimita 80 watoto wako watairithi.

Na kibali. Mimi nilidhani kibali ni cha nyumba tu, ukuta ni wako unajenga kama unavyofua nguo. Siku hiyohiyo mwenyekiti akaniuliza kibali cha uzio kiko wapi, nikabaki namuangalia. Nikafuatilia kazi ikiwa imesimama, wakati ningeweza kufuatilia mwezi mzima kabla natafuta hela. Kama kiwanja chako kiko kona ya njia uliza mapema kabisa, unaweza kutakiwa kukata kona ili magari yaonane, na ukishajenga kona kali ni wewe utakayeivunja.

Malipo ya fundi nayo nilikosea kizembe. Tulikubaliana kwa tofali, 400 kila tofali linalopanda, msingi kuchimba tukapatana pembeni. Hiyo ni sawa, unahesabu unalipa. Tatizo nilikuwa namtumia hela kwenye simu kila akipiga. Mama mtoto anaumwa, natuma. Mama vibarua hawajala, natuma. Ukuta uko nusu yeye ameshachukua robo tatu ya hela yake, unafikiri alikuwa na haraka gani? Alikuwa anapotea siku tatu anarudi na stori. Bora kulipa kwa hatua, msingi umeisha hii yako, kozi ya tano hii yako, mkanda wa zege wa juu hii yako, na andika kwenye daftari asaini, hata kama ni mtu wa shemeji. Hasa kama ni mtu wa shemeji.

Saruji ilikuwa inapungua pia. Mama wa juu ndiye aliyenifundisha, "usihesabu mifuko mizima, hesabu mifuko mitupu". Jioni kila mfuko uliotumika lazima gunia lake niletewe, nalifunga kamba. Siku ya kwanza ya sheria hiyo matumizi yalishuka kutoka mifuko 6 hadi 4, kazi ileile. Sikusema kitu, nikapika ugali nikawapa na maharage.

Ukuta ukaisha Novemba 2023. Nilipiga picha nikarusha kwenye status, watu hongera hongera. Usiku wa kwanza na geti limefungwa nililala kama mtoto, asubuhi nikatoka na khanga moja nikazunguka uwanja wangu taratibu kwa makusudi kabisa.

Halafu mvua. Mnakumbuka mwisho wa 2023 El Nino ilivyoanza, ikaunganisha, masika ya 2024 ikaja juu yake. Huku kwetu ni vilima. Maji yanashuka kutoka juu, yanapita kwa mama wa juu, yanapita kwangu, yanakwenda kwa mzee mpaka korongoni, ndio njia yake miaka yote. Nilijua? Nilijua, nilikuwa nayaona yakipita ukumbi wa nje kabla ya ukuta. Ila sikuwahi kuunganisha akilini kwamba ukuta wa upande wa chini, mita 30, hauna hata tundu la panya, maana yake nimejenga bwawa. Ndani ya uwanja maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, tunayachota na ndoo kumwaga nje ya geti, na sisi tunasema mvua ya mwaka huu kali.

Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili, kama saa 9, nikasikia kama lori linamwaga kokoto. Halafu kimya. Halafu kuku.

Nilitoka na tochi ya simu. Kipande cha ukuta kama mita 14 kimelala upande wa mzee, kimelala kizima kabisa kama godoro, na chini yake ni banda lake la kuku. Maji yote ya uwanja yalikuwa yanakimbilia hapo kwa furaha. Mzee kasimama na mwavuli na kaptula ya kulalia, mkewe nyuma yake ameshika taa. Nilianza "mzee nisamehe, mzee nisamehe" hata salamu nimesahau. Akamulika, akamulika, akasema, "Mwanangu, si nilikwambia maji yanapita hapa."

Msije mkadhani ni malaika. Saa 1 asubuhi alikuja na hesabu: kuku 9, elfu 15 kila mmoja, laki na 35, na hakupunguza hata mia. Mmoja wa hao 9 jana yake nilimuona kwa macho yangu anamnywesha maji ya mwarobaini amelegea shingo. Nilimtajia, akasema "alikuwa anaendelea vizuri". Nililipa. Nilipojaribu kumuuliza kiutani kama atachangia ukuta wa katikati maana na yeye anafaidika, akaniambia, "Mimi mbona sijaomba ukuta." Kweli hajaomba.

Wiki ile ndiyo mbaya kuliko zote. Kikoba wananidai marejesho, mume kwenye simu ananiuliza "kwani ulikuwa unasimamia nini", uwanja uko wazi tena, na mapema Mei zikaanza habari za kimbunga Hidaya kinakuja pwani, nikawa naamka usiku kuangalia kama kipande kilichobaki kimesimama. Nilikichukia kile kiwanja. Niliwahi kukaa kazini nikafungua simu nikawa natafuta nyumba za kupanga.

Nilisubiri ardhi ikauke, Agosti nikaita fundi mwingine, huyu nilimpata kwa kuangalia ukuta wake uliopita masika ukiwa na mteremko kama wangu, nikagonga geti la wenyewe nikauliza nani kajenga. Fanyeni hivyo, watu wanapenda kuulizwa. Alipofika hakuangalia ukuta uliosimama kwanza, alishuka kwenye ule ulioanguka. Akashika nguzo moja iliyolala akaninyanyulia kitako chake: nondo mbili za mm 10, zimeishia juu ya msingi, hazikuingia ndani hata inchi. Nyingine alizichomoa kwa mkono kama mihogo. Mkanda juu hakuna. Msingi una futi moja, umekaa juu ya udongo mweusi laini hata haujafika chini kugumu. Akasema, "Mama hii ilikuwa imesimama kwa heshima yako tu."

Alichofanya yeye ni hiki, na kama una mteremko muoneshe fundi wako. Alichimba mpaka udongo mgumu, sehemu nyingine futi mbili na nusu, na msingi akaupandisha kwa ngazi kufuata mteremko, kila ngazi iko bapa kwa pima maji. Nondo za nguzo, nne za mm 12 na ringi zake, zimesimamishwa zikiwa zimekunjwa mguu chini kabla zege la msingi halijamwagwa, sio kuja kuchomekwa baadaye. Nguzo kila mita 3. Juu mkanda wa zege unaofunga nguzo zote zishikane mikono. Na kwenye kozi ya kwanza juu ya ardhi, kila mita moja na nusu, kipande cha bomba la inchi 2 kimepita ukuta upande hadi upande, nyuma yake amerundika kokoto ili uchafu usizibe. Pale hasa maji yanapopita siku zote, pale mzee alipoonesha kwa kidole, ameacha dirisha la upana wa mita moja chini kabisa, limewekwa nondo, mbuzi hapiti wala mwizi, maji yanapita. Kabla ya kuacha hilo dirisha nilimuita mzee aje aseme liwe wapi hasa. Alikuja na fimbo yake, akachora mstari ardhini, fundi akapima hapohapo.

Nilisimama kila asubuhi saa 12 kabla ya kazi na timazi yangu mwenyewe, nimenunua, ni kajiwe ka chuma na kamba tu. Fundi alinicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu niliona nguzo imelala kidogo akaivunja mwenyewe, hakucheka tena.

Upande wa nyuma hela ilikuwa imebana na pale ukuta wa zamani ulikuwa na nyufa, nikaubomoa mita 12 kabla haujajibomoa, nikaweka ule wavu nilioonea aibu, nguzo za zege, chini kozi mbili za tofali. Maji yanapita, upepo unapita, na nimepanda pasheni imeshapanda juu yote, kwa nje huoni ndani. Ningejua, pande mbili zote zingekuwa hivyo na ukuta ningejenga mbele tu.

Geti nalitaja haraka kwa sababu linaniuma. Milioni 1 na laki 4, mchomeleaji mzuri, halina kosa. Kosa langu. Baada ya yale mafuriko nilimwaga kifusi ndani ili kuinua uwanja, ukapanda kama inchi 4, nikasahau kwamba geti linafungukia ndani. Likagoma. Ikabidi likatwe chini lichomelewe upya. Malizeni kwanza usawa wa uwanja ndio mpime geti. Na mita 4 msipunguze hata mkibembelezwa, boza la maji na gari la maji taka yataingia humo siku moja. Tena malori ya mchanga na kokoto ya shughuli zote mlizonazo akilini yaingie kabla kipande cha mwisho hakijafungwa.

Hela kwa ukweli: awamu ya kwanza ilifika milioni 7 na laki 8, tofali peke yake karibu milioni 3, fundi na kuchimba kama milioni 1 na laki 3, zilizobaki saruji, mchanga, maji ya boza, nondo kidogo (kweli kidogo) na geti. Mpima laki 3. Kujenga upya na wavu milioni 1 na laki 9. Kuku laki na 35. Jumla milioni 10 na laki moja na kitu kwa kazi niliyoipangia 5. Kikoba nimemaliza kulipa mwaka jana. Lipu nimepiga upande wa ndani na mbele tu, upande wa mzee bado ni tofali tupu.

Naye hajali, maana ameshajenga banda jipya la kuku ameliegemeza kwenye ukuta wangu, pande tatu mbao, upande wa nne mimi. Na amepigilia misumari miwili ya kamba ya nguo kwenye nguzo yangu mpya ya zege. Juzi mvua imenyesha asubuhi akanipigia simu niko kwenye daladala, shikamoo, marahaba, za watoto, baba yao, tukazimaliza zote, akasema, "Mwanangu, bomba la tatu kutoka juu limeziba. Ukirudi njoo na waya."